Dole Gumba Lisilo na Mistari

Kwenye rafu ya kukaushia palikuwa na nafasi tupu, ukubwa wa kiganja. Kulia na kushoto kwake makasha mengine ya plastiki yalikaa kimya na rangi zao mpya.

Inspekta Kuang Shuyi aliitazama nafasi ile huku mikono yake iko mfukoni. Nje, mvua ya mji wa viwanda wa Chang'an ilipiga mabati ya karakana.

"Kimeibwa nini hasa, Bosi Deng?"

"Kigezo mama, Afande."

Deng Boxiong, mwenye karakana, alieleza huku akifuta shingo kwa taulo. Kigezo mama ni kasha moja tu, linalosuguliwa na kupakwa rangi mpaka linakuwa laini kama yai. Unalimiminia mpira wa silikoni. Mpira ukishashika na kuganda, unaupasua, unalitoa kasha, na ule mpira ndio kalibu itakayozaa makasha mengine. Mtu anayetaka makasha hamsini haendi kwenye viwanda vya kalibu za chuma. Kule, kama huna oda ya maelfu, hata chai hupewi. Anakuja kwa watu kama Deng.

Aliyetaka makasha hamsini alikuwa ameketi pembeni na mtoto mapajani. Luo Qiaozhen alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Alichapa maneno kwenye simu, na simu ikasema kwa niaba yake.

Kifaa alikibuni mwenyewe. Kinafungwa kwenye kitanda cha mtoto, na mtoto akilia, mto wa mama unatikisika. Jumapili asubuhi chama cha viziwi cha mji kingegawa vifaa hamsini kwa familia hamsini. Mitambo ya ndani ilikuwa tayari, imebaki makasha. Asipoleta, nafasi yake kwenye ugawaji ingepewa mtu mwenye bidhaa nyingine, na familia zile zingeendelea kulala kwa zamu, baba kwa saa tatu, mama kwa saa tatu, wakimkodolea mtoto macho.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi.

"Kuanza kigezo kingine ni siku nne," Deng alisema. "Nikikipata hiki kabla ya saa sita mchana, namimina silikoni leo, na kesho tunaanza kutoa makasha. Ikipita saa sita, basi tena."

Sajini Mo, mtaalamu wa alama za vidole, aliita kutoka kwenye rafu. Jirani na nafasi tupu palikuwa na kasha la rimoti lililopakwa rangi jana jioni. Aliyenyoosha mkono kuchukua kigezo alikuwa ameliegemea kabla halijakauka vizuri. Alama ya dole gumba ilikuwa imezama kwenye rangi.

Mo alitaka kwenda kituoni kuchukua vifaa vyake. Deng akampa silikoni ya karakana, ile inayoshika upesi, akamwambia hakuna kitu duniani kinachonakili kama hicho.

Wakati silikoni inashika, Kuang alimwita Shu Haoming, mpaka rangi wa karakana. Ufunguo wa chumba cha rangi ulikuwa chini ya uangalizi wake.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa karakana."

"Nani anajua?"

"Afande, hata paka wa hapa anajua."

"Nasikia karakana ya ng'ambo ya barabara imekuita kazini."

"Mara tatu. Bosi ana habari. Ndiyo maana siku hizi ananinunulia chai."

Deng alikohoa. Kuang hakucheka.

"Nionyeshe dole gumba."

Shu alilinyoosha. Mistari yake ilikuwa wazi kama ramani, imejaa rangi ya kijivu.

Mo aliubandua mpira, akauweka chini ya lenzi. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hakuna mistari," alisema mwishowe. "Alivaa glavu."

Kuang aliinama. Dole lilikuwa limetoka zima, laini kabisa. Lakini mkunjo wa kwenye kiungo ulionekana, na chini yake kovu fupi la mshazari.

"Glavu inapata kovu, Mo?"

Kuang aliligusa kovu lile kwenye mpira.

"Hii ni ngozi. Swali ni ngozi ya nani isiyo na mistari."

Saa tatu na dakika ishirini. Kuang alitoka kwenye chumba cha rangi, akasimama mlangoni kupata hewa. Mfanyakazi mmoja aliyechelewa aliingia akitiririka maji, akabonyeza kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Mashine ikamshukuru kwa sauti ya kike. Chini ya mashine palining'inia daftari kwa uzi.

Kuang alilifungua. Mwezi mzima, jina moja tu. Leo, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote.

"Huyu ni nani?"

"Shangazi Weng, msugua msasa wetu," Deng alisema. "Mashine haimtambui. Miaka ishirini na mbili ya msasa wa maji, mistari ya vidole imeisha. Huwa tunamtania kwamba akiiba benki, hatakamat..."

Hakumaliza. Taulo lilimwanguka mkononi.

Weng Guilian alikuwa kwenye beseni lake mwisho wa karakana, amewapa mgongo, anasugua kipande cha plastiki kwenye maji ya kijivu. Alisikia viatu vya askari na hakugeuka.

"Shangazi, umeshakula?" Kuang aliuliza.

"Bado, Afande."

"Nifungulie mkebe wako wa chakula, basi."

Mikono ya mama yule ilisimama ndani ya maji. Kisha akaikausha polepole, kidole kimoja kimoja, akauvuta mkebe kutoka chini ya meza. Juu palikuwa na mikate miwili ya mvuke. Chini yake, ndani ya kitambaa, kigezo mama.

Kwenye dole gumba la kulia kulikuwa na kovu fupi la mshazari.

"Nimekukosea nini?" Deng aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia zaidi ya kukasirika.

"Nilikwambia mara mbili, Bosi. Kifuniko cha betri kinafunguka ovyo. Ukasema sisi tunatengeneza kilichochorwa."

"Si ndivyo?"

"Ndivyo ulivyosema hata kwa lile gari la kuchezea, mwaka juzi. Nikanyamaza. Kifuniko kile nilikisugua mimi kwa mkono huu. Gari lilipofika madukani nikamnunulia mjukuu wangu, kwa fahari. Akakifungua kwa ukucha, akameza betri. Ile bapa, kama kifungo. Ilimchoma koo kabla hatujafika hospitali." Alimtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwa Qiaozhen. "Yupo hai. Lakini sauti haikurudi. Akilia, unaona machozi tu. Hata kifaa hiki hakitamsikia."

Mo alikuwa akichapa kila neno kwenye simu ya Qiaozhen. Qiaozhen alisoma, akatikisa kichwa kukataa, akajibu kwa vidole vya haraka. Kifuniko alikifanya chepesi makusudi. Betri ikiisha, mama ana mtoto mkono mmoja, atafungua kwa ule mwingine. Kikifungwa kwa skrubu, bisibisi ataishika kwa mkono upi?

Kuang hakubishana naye. Alimwomba Qiaozhen amshushe mtoto na ampe kifaa cha majaribio kutoka mkobani, akakiweka sakafuni mbele ya mtoto.

Mtoto alikigonga chini, akakilamba, akakigeuza. Ukucha mdogo ukaingia kwenye ukingo. Kifuniko kikaruka. Betri iling'aa kwenye vidole vyake, ikaanza safari ya kwenda mdomoni.

Qiaozhen aliidaka kabla Kuang hajainama. Alimkumbatia mtoto, ngumi yake imefungwa juu ya betri.

Sekunde kumi na moja. Mo alikuwa amehesabu.

Ilikuwa imefika saa nne na robo. Kuang alikigeuza kigezo mama mkononi. Ndani ya kifuniko palikuwa na kishimo kidogo cha skrubu, kimeongezwa kwa gundi na kusuguliwa hata huoni kipya kimeanzia wapi.

"Umekifanya asubuhi hii?"

"Ndiyo. Imebaki rangi, kisha ningekirudisha rafuni."

"Kwa nini hukumpelekea mwenyewe?"

"Msugua msasa nimpelekee mteja mchoro? Ningefukuzwa, na kifuniko kingebaki vilevile."

Qiaozhen alisogea kwenye beseni. Alikigusa kile kishimo, akakipima kwa ncha ya kidole. Kisha akachapa, na simu ikasema: "Skrubu moja tu. Kubwa, ifunguke hata kwa sarafu."

Guilian alitikisa kichwa kukubali. Simu ikaongeza: "Kasha ni langu. Sishtaki."

"Hilo nitaliandika," Kuang alisema. "Na mengine nitayaandika yalivyotokea."

Shu alikuwa ameshakichukua kigezo. Alisema rangi chini ya taa ya joto ni nusu saa, na kama kuna mtu anataka kumlaumu kwa ule ufunguo, amlaumu baadaye. Deng akaenda mwenyewe kupima silikoni.

Mo aliandika maelezo, akamsomea Guilian, akamsogezea wino mwekundu. Mama yule alibonyeza dole gumba mwishoni mwa karatasi. Lilitoka doa jekundu, safi, bila mstari hata mmoja.

"Afande," Mo alinong'ona, "hii haithibitishi kitu."

Kuang alichukua kalamu, akaandika pembeni ya doa: *Ni lake. Nimeshuhudia.* Akatia sahihi.