Ubao wa Maua ya Shaba

Kila jioni baada ya kuosha vyombo, Bilonda alikaa mlangoni kwao Musonoi, karibu na Kolwezi, akisuka maua kwa nyuzi za shaba. Mwalimu wao wa Kiingereza, Mama Odile, alikuwa amempa yeye na rafiki yake Mushiya neno moja la shindano la asili ya maneno: ornate, yaani chenye mapambo mengi. Bilonda atafute asili yake katika kamusi ya maktaba. Mushiya aisome mbele ya majaji, kwenye ubao watakaoupamba.

Maua yalipendeza kweli. Na kamusi je? Hata kuigusa hakuigusa! Siku ya mwisho alijitungia tu: neno hilo limetokana na mfalme Orna, aliyejenga jumba la dhahabu. Akaandika hayo kwenye karatasi kwa rangi tatu, akaibandika ubaoni bila haya.

Asubuhi ya shindano, ukumbini, Mushiya alimwonyesha baba yake akitabasamu. "Tata aliomba ruhusa kwenye kazi. Ona, anaikala pale mbele."

Bilonda alimvuta pembeni. "Mushiya, usisome. Ile yote ni bongo, haina ukweli. Mi njo nilimutunga ule mufalme."

"Unataka banicheke mbele ya tata yangu?" Machozi yalimlengalenga Mushiya.

Bilonda alimkimbilia Mama Odile, akamweleza kila kitu. Mwalimu alikunja uso.

"Kunabakia bikundi mbili mbele yenu. Maktaba iko wazi. Kimbia!"

Kurasa zilishikana na vidole vyake vilivyolowa jasho. Ukumbini makofi yalilia. Kikundi kimoja kimekwisha. Hatimaye akaliona neno! Alinakili upesi kwenye kikaratasi, akarudi akihema huku majina yao yakiitwa.

Mbele ya watu wote alibandua karatasi ya rangi tatu. Mushiya akasoma kile kikaratasi kipya: "Neno hili limetoka katika Kilatini, ornare. Maana yake ni kuandaa kwa vifaa vinavyohitajika, na pia kupamba."

"Na karatasi mliyobandua?" jaji aliuliza.

"Niliiandika mimi bila kusoma kamusi," Bilonda alijibu. "Mushiya hakujua."

Walipata nafasi ya tatu. Baba yake Mushiya alipiga makofi hata hivyo.

Nje, Mushiya alikuwa bado amenuna. Kisha alichomoa ua moja la shaba ubaoni, akalichomeka kwenye kikaratasi kile. "Hapa njo linapendeza," alisema.

"Umesikia, Bilonda?" Mama Odile aliuliza. "Kuandaa na kupamba binakaa pamoja ndani ya lile neno. Weye ulipamba ubao mutupu, na karibu umwaibishe mwenzako. Tayarisha kazi kwanza, mutoto wangu. Maua itafuata."