Msichana Anayepita Ukuta

Mikono miwili iliishika rekoda moja ya kaseti kwa wakati mmoja, na hakuna uliokubali kuiachia.

Ilikuwa Jumamosi, soko la vifaa chakavu limefurika, kila muuza redio anashindana na jirani yake kwa makelele. Mkono mmoja ulikuwa wa fundi wa kompyuta za kizamani, mwanamume mwembamba ambaye shati lake lilikuwa na vitundu vilivyochomwa na matone ya risasi ya kuunganishia nyaya. Mkono wa pili ulikuwa wa dada mmoja mwenye gauni la kijani na miwani ya fremu nyekundu.

"Dada, mimi nimeiona kwanza."

"Umeiona kwa macho gani? Unakunja uso hivyo hata kusoma bei! Kazi yangu ni kupima macho ya watu. Wewe unahitaji miwani, si rekoda."

Fundi akacheka, na kucheka kukamfanya aiachie. "Haya, umeshinda, daktari. Lakini siku hizi nani anasikiliza kaseti?"

Uso wa yule dada ukabadilika. "Si ya kusikiliza. Nataka kuhifadhi mchezo wa baba."

Akamweleza palepale, watu wakiwapiga vikumbo. Baba yake alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya zamani, zile ambazo kibodi ndiyo mashine yenyewe na televisheni ndiyo kioo chake. Yeye alipokuwa mdogo, baba alimtungia mchezo wa kompyuta. Kaseti ulimohifadhiwa zikaota ukungu. Juzijuzi, akiwa mgonjwa, mzee akauandika upya mstari kwa mstari hadi ukakamilika. Rekoda ikamharibikia kabla hajauhifadhi, na yeye mwenyewe akafariki.

"Na zile ukizizima hazikumbuki kitu," fundi alisema taratibu.

"Ndiyo maana haijazimwa tangu mazishi. Nimeweka betri, umeme usije ukakatika. Nikienda kazini shangazi analinda. Hata ufagio haupiti karibu."

Fundi aliifungua rekoda, akaona mkanda wa mpira unaozungusha kaseti umeoza. Akamwomba aiache kwake akatafute mwingine. Akaomba pia namba ya simu, kwa ajili ya kazi tu, alisema, na hata muuzaji hakumwamini.

Mkanda haukupatikana haraka, na fundi hakuwa na haraka. Jioni akawa anapitia kwao kuangalia kama prosesa, ubongo wa mashine ya mzee, haipati joto kupita kiasi. Mezani kwenye kibanda chake prosesa kuukuu zilijipanga, nyeusi, zenye miguu pande mbili. Yule dada alipofika kibandani mara moja tu na kuziona, akampa fundi jina.

"Mende wangu hajambo?" ndivyo alivyopokea simu tangu siku hiyo.

"Hajambo, ila amekukumbuka."

"Umeniacha jana tu!"

"Kwani jana ni karibu?"

Jioni, wakicheka hivyo nyumbani kwa yule dada, shangazi alikohoa kutoka chumba cha pili ili wajue kuwa anasikia. Halafu walikaa mbele ya televisheni na kucheza. Kiooni, msichana wa vidoti vya kijani alitoka shuleni, akavuka barabara, akaruka dimbwi, akafika nyumbani. Ila mlangoni hakuingia. Alipita ukutani moja kwa moja, akatokezea upande wa pili wa kioo na kuanza safari upya.

"Kumekosekana mstari mmoja tu," fundi alisema. "Mzee alisahau kuiambia prosesa imsimamishe."

"Najua. Utotoni nilikuwa nikipiga kelele, 'Baba, nimepita ukuta!' Naye alijibu, 'Basi rudi tena nyumbani, mwanangu.' Kila mara. Hakuchoka."

Mkanda ukapatikana. Siku hiyo fundi alipiga pasi shati jipya, kwa sababu alikuwa na neno la kumwambia shangazi baada ya kazi. Alimkuta mpenzi wake amechangamka, amevaa lile gauni la kijani. Yule dada akaenda jikoni kuchukua maji ya matunda. Fundi akashika waya wa rekoda, akainama nyuma ya mashine.

Sheria ya kwanza ya kazi yake ni kukata umeme kabla ya kuchomeka waya. Prosesa za zamani hazitaki mzaha, na ameunguza za kutosha kuijua sheria hiyo bila kuifikiria. Mkono ulitangulia akili. Uling'oa plagi mgongoni mwa mashine, ile iliyoleta umeme wa ukutani na wa betri pia.

Taa nyekundu ikazimika.

Yule dada alisimama mlangoni na trei. "Umefanya nini?"

"Mkono wangu... sikukusudia, mpenzi, mkono tu..."

"Toka."

Baada ya hapo kila fundi alipopiga, simu ililia bila kupokewa. Mara moja tu alipokea shangazi. "Kijana, anasema hayupo. Yupo hapa ananitazama ninavyokudanganya." Kisha akashusha sauti. "Mwache alie kwanza. Amemzika baba yake mara mbili."

Fundi alifunga kibanda. Kwenye mashine yake, yenye prosesa ya aina ileile, aliujenga mchezo upya kwa kumbukumbu: barabara, dimbwi, rangi ya mlango. Alipofika ukutani aliongeza ule mstari uliokosekana. Aliona ni zawadi. Angalau safari hii mtoto afike.

Aliuhifadhi kwenye kaseti, akaibeba pamoja na rekoda hadi kwa yule dada. Shangazi alimfungulia. Mpenzi wake alikuwa amekonda, na hakumkaribisha wala kumfukuza. Fundi akaweka kaseti, mashine ya mzee ikapiga mluzi wake mkali, picha ikatokea. Msichana alivuka, akaruka, mlango ukafunguka, akaingia. Mlango ukafungwa.

"Halafu?"

"Basi. Amefika."

"Nani alikutuma umfikishe?" Sauti ilimkatika. "Akifika, baba hana la kuniambia tena!"

Fundi alihisi aibu hadi masikioni. Ametengeneza kitu ambacho hakikuharibika. "Niuondoe?"

"Uondoe."

Akaufuta mstari. Yule dada akacheza, akaruka dimbwi, akapita ukuta. Chumba kikanyamaza pale ambapo zamani palikuwa na sauti ya mtu. Ndipo shangazi, dada wa marehemu, akasema kutoka kwenye kiti chake:

"Basi rudi tena nyumbani, mwanangu."

Yule dada akamwangukia shangazi yake mapajani, akalia kilio alichokizuia tangu makaburini. Fundi alitazama sakafu, machozi yakimtoka naye.

Yule dada alipomaliza kulia, alifuta miwani. "Hii si ya baba. Dimbwi lake lilikuwa pana zaidi."

"Najua."

"Lakini ihifadhi."

Rekoda ikaanza kuzunguka. Fundi alirudi nyuma, akatia mikono mifukoni.

"Mbona umeificha?"

"Siiamini."

Midomo ya yule dada ilitaka kucheka, ikashindwa. Walingoja hadi mchezo ukaingia wote, rekoda ikajizima yenyewe. Kisha yule dada akainama nyuma ya mashine na kuing'oa plagi kwa mkono wake mwenyewe. Taa nyekundu ikazimika. Aliitazama mashine kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu aliyelala.

"Kesho jioni uje uiwashe," akasema bila kugeuka. "Na hiyo mikono uje nayo."