Moraa na Barabara ya Arobaini na Tano

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aende Houston akaulize. Nikitia chumvi hata chembe, mbuzi mzima ni juu yangu: nimnunue, nimchome, na mimi niambulie mifupa.

Walikutana Jumamosi moja ya mwaka 2001, kwenye duka la Gaudence kule Vickery Meadow, Dallas, siku ambayo ni kama Waafrika wote wa mji waliishiwa unga kwa pamoja. Moraa alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako aliogesha na kugeuza watu mpaka kukacha. Alivaa sare ya zambarau na ndara, maana miguu ilikuwa imekataa viatu. Akanyoosha mkono kwenye pakiti ya mwisho ya samaki wadogo wakavu. Mkono mwingine, wenye saa kubwa ya kung'aa, ukatua juu ya wake.

"Samahani, mama. Nimetoka Houston kwa ajili ya dagaa hawa."

"Na mimi nimetoka kazini kwa ajili ya hii omena. Nani amechoka zaidi?"

Mzee akaitazama ile miguu iliyovimba, akaachia. "Umeshinda. Lakini utanialika?"

"Wewe mzee! Hata jina lako silijui."

"Melkiori, wa Moshi. Mgane, mstaafu, na vyombo naosha mwenyewe."

Moraa akacheka, akashangaa kusikia kicheko chake. Alikuwa mjane wa miaka mingi, na kicheko alikuwa amekisahau mahali fulani kati ya zamu mbili.

Basi mapenzi yakaanza, na yalikwenda kwa basi. Melkiori alikuwa ameacha kuendesha kwa ajili ya macho, kwa hiyo kila alipoweza alipanda basi kutoka Houston, suti ya kijivu imenyooka, mkungu mdogo wa ndizi mapajani kama mtoto. Moraa yeye alikuwa na gari, Corolla nzima kabisa. Lakini barabara kuu hakuthubutu kuiingia. Aliogopa malori. Kutoka kwake DeSoto, kusini mwa Dallas, alikwenda kazini na kanisani kwa vichochoro, akizunguka kama mtu anayekwepa wadai.

Desemba ya mwaka uliofuata, simu ikalia.

"Mama, lini utakuja kwangu?"

"Mwaka mpya, mpenzi. Nitajifunza barabara kuu."

"Mwaka mpya uliopita uliniambia hivyo hivyo."

"Melkiori, nina miaka hamsini na tisa. Kwa umri huu mtu habadiliki, anachakaa tu."

"Na mimi nina sitini na sita, nachakaa ndani ya basi! Siku moja nitafia humo, wanishushe pamoja na mizigo."

"Basi usije!"

"Haya. Siji."

Krismasi ikapita kimya. Moraa akaila sikukuu peke yake, kwa sahani moja.

Kwenye ibada ya asubuhi ya mwaka mpya, kila mtu husimama akataja anachokiacha kwenye mwaka wa zamani. Mmoja aliacha pombe, mwingine umbeya, kanisa likaguna. Moraa akasimama taratibu, akishikilia kiti cha mbele. "Mimi naacha woga," akasema, akaketi.

Akapiga simu Houston. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Ule mzee iko anachoka, dada," Gaudence wa dukani akamwambia nje ya kanisa. "Unangojea juu ya nini? Barabara haina meno."

Moraa akaingia garini na gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa, Biblia kiti cha pembeni, akaikamata barabara kuu namba arobaini na tano kuelekea kusini, Houston. Malori yalimpita yakimtikisa kama jani. Alikwenda polepole mno hata askari akamsimamisha. Aliposikia mama anafuata mapenzi, alimpigia saluti, akamtangulia na king'ora mpaka nusu ya njia. Moraa aliendesha akilia kwa uchovu, vidole vimeganda kwenye usukani.

Alipoingia mtaa wa Melkiori, Missouri City, pembeni ya Houston, akakanyaga breki. Magari yamepangwa pande zote mpaka kona. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya gereji, kimya. Wanawake wenye kanga kichwani wanapitisha masufuria. Mtu wa kwetu akiona hivyo ughaibuni, haulizi. Ni msiba.

Akaacha gari katikati ya njia linanguruma, akaanguka kwenye majani.

"Melkiori wangu! Umeniacha na omena kwenye friza! Nani ataniita mama kwenye simu? Ningehamia Houston, na joto lake! Ningeacha zamu za usiku! Ningeolewa na wewe na makunyanzi yangu haya!"

Wanawake wakaweka masufuria chini, wakaangua kilio.

"Nani amekufa?" mmoja akanong'ona.

"Sijui. Lia kwanza."

Mlango ukafunguka. Melkiori akatokea na aproni, mwiko mkononi.

"Endelea, mama. Ulikuwa umefika kwenye kuolewa."

Moraa akamrushia kiatu. Kikamkosa. "Mbona hujafa? Na simu yako je?"

"Tangu alfajiri tunapiga simu kutafuta wenye magari. Hawa ni wazee wangu. Kesho walikuwa waje kwako kuniposea." Akapiga magoti kwenye majani, kwa taabu, goti moja baada ya jingine. "Nilichoka na basi, Moraa. Sikuchoka na wewe. Sasa niwaambie waende zao?"

"Wakae. Mtu hulilia wa kwake."

Moraa akaomba maji ya moto akande miguu. Melkiori akayaleta mwenyewe kwenye beseni, akaiosha miguu yake mbele ya wazee wote, na yule mama aliyeosha watu maisha yake yote akafumba macho, akasinzia pale pale.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia kwenye arusi yao. Nikadhani nimemaliza salama, mara bibi arusi akasimama.

"Mzee Gelasius! Askari gani? Mimi sikuona askari! Na kiatu hakikumkosa, kilimpiga sikioni!"

Bwana arusi akageuza sikio watu walione. Ukumbi mzima ukapiga kelele: "Mbuzi! Mbuzi!"

Basi niko hapa kwenye ua wao, moshi unanitoa machozi. Moraa amevuta kiti, miguu juu ya kiti kingine, anaamuru nigeuze upande wa pili.