Chupa Zilizovaa Sufu

"Dada, umekalia Italia."

Ida aligeuka. Njia panda ya Makambako ilikuwa imefurika watu asubuhi ile. Basi la kutoka Iringa lilikuwa limefika, lori la magome ya miti ya miwati lilikuwa linapakia abiria wa Njombe, na wauza maandazi walipishana katikati wakikanyagana. Aliyesema naye alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama, lakini koti la bluu alilovaa lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mtu mnene. Alikuwa akilitazama sanduku la mbao ambalo Ida alikuwa amelikalia.

"Sikujua lina mwenyewe," Ida akasema na kusimama.

"Kaa tu. Chupa zilizomo zimevuka bahari nzima, na hakuna aliyezikalia kwa upole hivyo."

Ida hakucheka, wala hakuondoka. Alikuwa amevaa gauni la maua ya njano na sweta nzito aliyoifuma mwenyewe, na mkononi alikuwa na kikapu cha sweta za kuuza. Kila mwezi alitoka kwao Yakobi, pembeni mwa Njombe, akaja kuwauzia abiria wa mabasi, maana watu wa nchi za joto walipofika Makambako ndipo walipojua baridi.

"Na hicho unachofuma sasa ni nini?" kijana akauliza.

"Soksi."

"Za nani?"

"Za mwenye miguu ya baridi."

"Na asiye na miguu kabisa, mwenye shingo tu na tumbo, unaweza kumfumia?"

Hapo Ida akacheka, akauficha mdomo kwa shali.

Kijana aliitwa Tarsis, mtoto wa Wakatoliki wa karibu na misheni ya Uwemba. Alikuwa mfanyakazi katika duka la Bwana Bruno, Mwitalia aliyeuza vyakula na mvinyo kwa Wazungu wa mashamba. Mvinyo wake haukuwa wa mabwana wakubwa. Ulikuwa mwekundu, wa bei ndogo, kutoka vijiji vya kwao. Siku hizo ruhusa ya Mwafrika kununua mvinyo wa kizungu ilikuwa bado ngeni, na wengi waliona ni kitu cha kutazamwa dirishani tu.

Kabla ya kuuza, Bwana Bruno alikuwa na desturi yake. Jumamosi mchana alizipanga chupa kwenye meza ya barazani kwake, nyuma ya duka, akazionja yeye, mkewe na Tarsis. Lakini mkewe alikuwa akiona jina la kijiji chao kwenye karatasi ya chupa, basi chupa hiyo ikashinda hata kama ni siki. Ndiyo maana Tarsis alihitaji soksi za chupa, za kuficha karatasi.

Ida akazifuma, za kijivu, zenye kubana shingoni. Mwezi uliofuata alizileta, na Bwana Bruno akafurahi mno, akamvutia kiti naye aonje.

"Mimi Mlutheri," Ida akamnong'oneza Tarsis. "Mvinyo tunaonja kanisani tu."

"Basi umenizidi. Kwetu hata kanisani anaonja Padri peke yake, sisi tunamtazama."

Tarsis akammiminia kidogo. Akamwonyesha namna ya kuinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe aone rangi, namna ya kunusa, namna ya kuzungusha mvinyo mdomoni ufike kila mahali. "Kisha unatema kwenye ndoo. Ukimeza zote, chupa ya mwisho utaisifu hata ikiwa ni mafuta ya taa."

Ida akazungusha mdomoni. Akasita. Akameza.

"Nimesema tema."

"Siwezi. Kwetu kinywaji ulichopewa kwa mkono wa mtu hakitemwi. Ukitema umemwambia sina fungu nawe."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini hii ni kazi, Ida."

"Kazi ni yako. Mimi nimepewa."

Bwana Bruno akataka kujua binti anasemaje juu ya mvinyo. Ida akaonja na nyingine mbili, akizimeza. "Huu wa kwanza unanukia magome ya miwati yaliyoloweshwa. Huu wa pili una ladha ya sufuria ya chuma. Huu wa tatu..." akatafuta neno. "Huu hauna makuu, lakini haukudanganyi."

Bwana Bruno akapiga meza kwa kiganja. "Ndiyo hivyo. Mvinyo wa bei ndogo hatuulizi kama ni mkuu. Tunauliza kama ni mwaminifu." Akavua soksi ya chupa ya tatu. Ilikuwa ya aina ya Barbera, na haikuwa ya kijiji cha mkewe. Mkewe akanuna.

Tangu siku hiyo Tarsis na Ida walionja pamoja kila mwezi, yeye akitema, Ida akimeza kijiko kimoja kimoja na mashavu yakimwiva. Katikati ya mwezi Tarsis alipiga simu katika duka la Mhindi mjini Njombe, ambako Ida alinunua sufu. Fidelia, mshonaji wa barazani, ndiye aliyemwita.

"Ida, mume wa chupa anakuita."

"Haloo?"

"Leo umevaa nini?"

"Gauni."

"Najua ni gauni. La maua ya njano?"

"Tarsis, watu wananitazama."

"Waambie unaagiza sindano. Mpenzi, nimetenga Barbera moja. Nimeivalisha soksi yako. Hiyo nitakuja nayo kwa baba yako."

Ida akaushika waya wa simu kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi.

"Umeondoka?"

"Nipo. Njoo nayo."

Mzee Efraimu, baba yake Ida, hakuwa mtu mwepesi. Mkatoliki kuoa katika nyumba yake lilikuwa jambo la kukesha akiliwaza. Aliyemlainisha ni dada yake, Shangazi Dorkasi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyemlea Ida baada ya mama yake kufariki. "Mungu wao na wetu ni mmoja, tofauti ni kengele," Shangazi alisema. Basi mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito na mianzi ikitoa utomvu mwingi wa pombe ya ulanzi, Tarsis akafika Yakobi na baba yake mdogo, Yosefu, ambaye ndiye mshenga.

Walikaribishwa vizuri. Barbera ikawekwa mezani na soksi yake ya kijivu, wazee wakaitazama na kutabasamu. Ida alikuwa jikoni, jicho kwenye ufa wa mlango. Katika ukoo wao, posa ilipokubaliwa, shangazi wa binti ndiye aliyempa mkwe kikombe cha ulanzi. Alionja yeye kwanza kuonyesha hakina baya, kisha akampa. Mkwe akinywa, maneno yamekwisha.

Shangazi Dorkasi alionja, akakikabidhi kikombe cha mwanzi kwa mikono miwili, akamsalimu kwa kilugha. "Kamwene, mwanangu. Pokea."

Tarsis alikuwa na hofu kubwa kuliko aliyoionyesha. Alipokea, akainamisha kikombe kidogo kana kwamba anatafuta rangi, akavuta fundo moja, akalizungusha mdomoni. Kisha kichwa kikageuka chenyewe, kama kilivyogeuka Jumamosi zote kwa Bwana Bruno, akatema nje ya mlango.

Kuku akaja kudonoa pale palipolowa.

Tarsis alikitazama kikombe, kisha mlango. Uso ukamshuka. "Shangazi," alianza, "mdomo wangu..."

Mzee Efraimu aliinuka, akaichukua ile chupa, akairudisha mikononi mwa Yosefu bila kuifungua. "Safari njema," akasema.

Kwenye ufa wa mlango Ida aliona kila kitu. Lililomchoma si kwamba Tarsis alikosea. Lililomchoma ni ule uso wa kuonja, uleule aliouona mezani kwa Mzungu, uso wa mtu anayepima. Akafikiri: ametupima, akatuona siki.

Simu zikapigwa katika duka la Mhindi. "Mwambie sipo," Ida alimwambia Fidelia.

"Yupo hapa lakini amesema hayupo," Fidelia akajibu kwenye simu.

Mwezi wa nne Shangazi Dorkasi alimwita Ida. "Mwanangu, nimelala nikaliwaza. Yule kijana hakunitukana. Ni kazi imemzoesha. Mkono uliotoa unaweza kutoa tena. Nenda Makambako umwambie aje kabla mianzi haijakauka. Nitampa, atameza, baba yako nitamnyamazisha."

"Nitaenda," Ida akasema.

Hakwenda wiki ile kwa sababu ya matope. Hakwenda iliyofuata kwa sababu ya hasira. Alitaka Tarsis aumie kidogo kwanza, aumie kama yeye. Mvua zikapungua, ulanzi ukawa matone, kisha ukakoma.

Ndipo siku moja simu ilipolia, akaipokea mwenyewe.

"Ida? Usikate. Sikuwapima ninyi. Naapa kwa Bikira Maria."

"Sisi Walutheri kiapo hicho hakitufikii."

Akasikia pumzi ya kicheko, kisha kilio kidogo ambacho mwanamume hukigeuza kikohozi. Hasira yote ikamtoka. Akamweleza ujumbe wa Shangazi.

"Alisema lini?"

"Mwezi wa nne."

"Sasa ni wa sita, mpenzi."

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Umekasirika vizuri. Mianzi imekauka." Wakacheka wote wawili, Mhindi akagonga kaunta kuwakumbusha kwamba kuna wengine wanaongoja simu. "Basi nitangoja masika. Nimeshaingoja Barbera ivuke bahari, sembuse mwanzi."

Shangazi naye akacheka alipoambiwa. "Mwambie afanye mazoezi ya kumeza."

Lakini mwezi wa saba baridi ilikuja na umande wenye kuganda, majani ya viazi yakaungua usiku mmoja. Shangazi Dorkasi akashikwa na kifua. Ida alimfunika sweta juu ya sweta, akampa uji, akamkanda kwa maji ya moto. Siku ya nne alfajiri Shangazi alimwambia Ida asimsumbue kwa uji zaidi. Akafa kabla jua halijatoka.

Tarsis alikuja msibani. Alibeba maji, alichimba kaburi pamoja na vijana wa Yakobi, na hakuna aliyemfukuza. Arobaini ilipopita alikwenda peke yake kwa Mzee Efraimu, akapiga goti.

"Inuka, mwanangu," Mzee alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Ungekuwa umenitemea mimi, ningekupa kikombe leo, hata cha maji. Lakini hukunitemea mimi. Aliyetoa ndiye anayeweza kutoa tena, na yeye nimemzika. Mimi nitamwambia nini dada yangu? Kwamba mkono wake ulikuwa si kitu?"

Mwaka uliofuata mvua zikaja, mianzi ikatoa, na Manase, mpasua mbao, mtu mpole mwenye vidole vilivyokatwakatwa na msumeno, akaleta posa Yakobi. Mzee Efraimu alimwuliza Ida mara mbili. Mara ya pili Ida akaitikia.

Bwana Bruno naye alikuwa anafunga duka, anarudi kwao. Tarsis alikuwa amepata kazi katika hoteli moja Dar es Salaam. Siku ya mwisho Ida akaja Makambako na lori la miwati, gauni lilelile la maua ya njano, sasa limepauka mabegani. Akamkuta kwenye njia panda, amesimama kando ya sanduku tupu, na juu yake ile chupa yenye soksi ya kijivu.

"Tukimbie," Tarsis akasema kabla hata ya salamu. "Basi linaondoka saa sita."

"Mwaka jana Baba alizika mtu mmoja. Nikikimbia atakuwa amezika wawili."

"Na mimi?"

"Wewe ungalinijia mwezi wa nne, kama ningalikuita." Alisema polepole, macho yakiwa kwenye vumbi. "Hilo ni langu. Nitalibeba. Si la kwako, usilibebe."

Tarsis akainua chupa. Akavuta kizibo, akamimina katika kikombe cha bati. Akaonja yeye kwanza, kama Shangazi alivyofanya, kisha akampa kwa mikono miwili.

Ida akainamisha kikombe, akaitazama rangi juu ya kitambaa chake cheupe. Akanusa. "Bado haudanganyi," akasema. Akavuta fundo, akalizungusha mdomoni taratibu, lifike kila mahali, kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kisha akageuza kichwa, akatema chini, kwenye vumbi, katikati yao.

Tarsis aliliangalia lile doa jekundu hadi likanywewa na ardhi.

"Sasa usiningoje," Ida akasema. "Nimekuambia kwa njia ya kwetu, ili usije ukasema hukuelewa."

Dereva wa lori la Njombe akapiga honi. Ida akaivua soksi kwenye chupa, akaitia kikapuni. Akapiga hatua chache, akarudi, akaivalisha chupa tena na kuinyoosha shingoni, kama mtu anayemfunga mtoto shali. Kisha akapanda lori, akakaa juu ya magome, akageukia upande wa Njombe.

Tarsis akachukua kikombe. Mvinyo ulikuwa umebaki nusu. Akaunywa wote, fundo kwa fundo, akameza kila fundo. Kisha akaketi juu ya sanduku, pale alipokaa Ida siku ile ya kwanza. Abiria wakapita huku na huku, na hakuna aliyesimama kumwambia amekalia nini.