Kunguru wa Bi Vialle

Giza lilikuwa linaanza kuingia Anselme Chaptard alipobisha hodi kwa Bi Vialle, juu huko milimani Auvergne. Alikusanya michoro ya kale ya hekaya za wanyama, ile iliyochapwa kwa mabamba ya shaba, na watu wa mashambani aliwaona mabwege tu, walioning'iniza hazina juu ya magunia ya viazi.

Jikoni kulinuka moshi na kabichi. Mume wa bibi, mzee Firmin, alikaa kando ya jiko akimkodolea macho.

"Huyu naye kameza ulimi?" Anselme aliuliza.

"Mwaka wa sita huu hajasema neno," bibi alinong'ona. "Tangu siku aliyoutukana mchoro ule."

Ukutani, kunguru juu ya tawi, mbweha chini yake. Mistari myembamba kama unywele. Mkono wa fundi hasa. Moyo ulimdunda Anselme, lakini uso aliukunja.

"Takataka, mama. Hata panya hautafuni. Nitauchukua kwa kukuonea huruma tu."

"Taratibu, bwana... mchoro huo unasikia."

Anselme alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ujinga nao ni kipaji!"

Bibi hakubishana. Wala bei hakutaja. Aliufunga mchoro kwa gazeti, upesi upesi, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Kona ya tatu, harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa garini.

Krrr... krrr...

Gazeti lilikuwa linachanika, kiti cha nyuma.

Kisha sauti.

"Takataka, mama."

Sauti yake mwenyewe.

Akakanyaga breki. Akafungua kinywa apige yowe.

Hakikutoka kitu.

Aligeuza gari, akarudi mbio, mchoro kwapani. Mlangoni alisikia watu wawili wakizungumza. Mzee Firmin alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, akimwita mkewe tu: "Hortense... Hortense wangu..."

Anselme alishika koo lake. Akapiga magoti. Akawasukumia mchoro, na kwa mara ya kwanza akawatazama kama watu.

Bi Vialle alirudi nyuma, mikono mgongoni.

"Nilitangaza kuuza mchoro huu mwaka mzima," alisema, bila kunong'ona sasa. "Wakaja wanunuzi wanne. Watu wa adabu, wote; hakuna aliyeutukana. Niliwarudisha mikono mitupu."

Akaufungua mlango, baridi ikaingia.

"Nenda nao mjini, bwana. Huko wenye domo hawakosekani."