Majina ya Khitma kwenye Kompyuta ya Babu

Kila akirudi kutoka shule, Sabiha alimwamkia babu yake, akala, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni kwao Chang'ombe. Ilikuwa kuukuu. Fundi Nurdini aliiwekea mfumo mwepesi, kwa sababu mifumo mizito iliielemea mpaka ikazimika yenyewe.

Babu Harithi aliitumia kwa jambo moja tu. Humo mlikuwa na faili la majina ya marehemu wa ukoo, wanaosomewa khitma kila mwaka kabla ya Ramadhani. Jina la kwanza lilikuwa la mama yake mzazi, Sabiha binti Amiri. Kwa hiyo mjukuu aliyerithi jina hilo hakuitwa na babu ila "mama".

Mama huyo wa darasa la sita alikuwa mdadisi kwelikweli. Aligundua kwamba kompyuta ile ina programu tatu za kuandikia. Ya babu ilikuwa nyeupe kama ukurasa wa daftari. Ya pili ilihesabu mistari. Ya tatu, jamani, ilikuwa nyeusi, haikuwa na vitufe vya kubofya, na herufi zenyewe zilikuwa amri: ukibonyeza d mara mbili, mstari mzima unafutika. Nani alifikiria jambo hili, na kwa nini? Sabiha alisoma maelezo yake siku tatu, akaipenda. Akapanga kila faili la maandishi lifunguke kwa hiyo nyeusi. Hakumuuliza mtu.

Alhamisi, siku moja kabla ya khitma, babu aliketi aongeze jina la mdogo wake Bashiri, aliyefariki mwaka huo. Akafungua faili kama kawaida yake, akakutana na giza. Alipapasa kibodi, kidole chake kizito kikakaa juu ya d, na majina yakaondoka mstari kwa mstari mpaka yakaisha.

Sabiha aliporudi alimkuta babu ameinamisha kichwa.

"Mama, nimewafuta watu wangu," alisema. "Na wengine siwakumbuki tena."

Akaulaumu uzee wake na macho yake. Akasema Nurdini yuko njiani, ila hana tumaini. Sabiha angeweza kunyamaza, maana lawama ilikwisha kupata pa kukaa, tena hakuna aliyemshuku. Lakini kumwona babu akijilaumu kwa kosa lisilo lake kulimuuma kuliko fimbo.

"Si wewe, babu. Ni mimi niliyebadilisha programu."

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Katika kueleza akakumbuka jambo alilolisoma: ile nyeusi haigusi faili lenyewe mpaka iamriwe kuhifadhi, na babu hakujua hata amri hiyo iko wapi. Akaifunga bila kuhifadhi, akafungua faili kwa ile nyeupe. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yalizoleka. Sabiha binti Amiri alikuwa pale juu, na wenzake wote chini yake.

Babu alishusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillah.

Fundi Nurdini alipofika alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akatengeneza akaunti mbili. Ya babu ikafungua nyeupe, ya Sabiha ikafungua nyeusi, na kila mmoja akawa na neno lake la siri.

Babu akampisha Sabiha kiti amwandikie jina la Bashiri.

"Kutaka kujua si kosa, mama," alimwambia. "Kosa ni kubadilisha kitu cha wawili peke yako. Lakini umesema kweli mapema, na kweli yako ndiyo iliyowarudisha watu wangu. Ungenyamaza, kesho tungesoma khitma na wale niliowasahau hawamo."