Mzizi wa Marama Kilimani Tovela

Enzi zile falme za mawe zilipotawala nyanda za kusini, mji wa Tovela ulizingirwa siku kumi na tisa. Maadui waliishika chemchemi. Tumaini lililobaki lilikuwa marama, mmea utambaao wenye mzizi uliovimba kama mtungi, umejaa maji. Aliyeujua ni Tjilalu, mlinzi wa mizizi ya mfalme.

Mizizi aliyoipanda ndani ya ukuta wa mji ilikuwa na umri wa masika matatu tu. Ilipofukuliwa, kila mzizi ulilingana na ngumi.

"Hii ni ya kumnywesha kunguru," alisema mumewe, Habangana, akatwaa mkuki na jembe. "Naifuata mikubwa ya uwandani."

"Utaitambuaje? Kipupwe kimemaliza majani. Jani la marama limepasuka kama ukwato wa ng'ombe. Jamaa yake mwenye sumu ana vijani vitatu. Chini ya udongo ni mapacha."

"Nitaleta. Wewe utaonja."

Kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Mji wote uliamini kwamba mlinzi hutambua mzizi kwa kuunywa. Ukweli ulikuwa siri ya ukoo wa Tjilalu, na kiapo kilimzuia kuitaja hata chumbani kwa mumewe.

Adhuhuri Habangana akarudi, mshale umemchoma begani, akiburuta mzizi mkubwa kama ndama. Tjilalu alipofika langoni, alimkuta ameketi, kidevu kimelowa.

"Umefanya nini, Baba Shilalo?"

"Nimekuibia kazi." Akacheka kwa midomo iliyopasuka. "Ukifa wewe, nani atanigombeza?"

Tjilalu akaukwaruza mzizi kwa ukucha. Utomvu ukatoka wa manjano. Wa marama hutoka mweupe kama maji. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote: ukucha mmoja. Kunywa kulikuwa maonyesho ya kulinda heshima ya ukoo.

"Ningekuambia," alinong'ona. "Ningekuambia..."

"Niambie sasa," alisema Habangana. Tjilalu akamwambia. Sijui kama alisikia kabla ya kukata roho.

Tjilalu akapanda ukutani akaitangaza siri kwa sauti, mbele ya wapishi na watwana. Wachimbaji wakatoka, wakaleta mizizi arobaini, wakaikwaruza wenyewe. Tovela haikuanguka.

Wazee wa ukoo wakamfukuza kwa kuvunja kiapo. Masimulizi yalihifadhi jina la mfalme aliyeshinda. Tjilalu alikwenda magharibi, na kila boma alilopita aliwaita wake na waume zao, akawapa mizizi miwili, wa marama na wa jamaa yake mwenye sumu, akasema, "Kwaruzeni. Mbele ya kila mtu."